Mwalimu wa Kichina: Mchina wa Mtandaoni, Mchina Mkaazi au Mwenzetu Aliyesoma Huko?

Mtu anayetaka kujifunza Kichina kwa mwalimu binafsi, awe Dar es Salaam, Nairobi, Arusha au Unguja, hujikuta akichagua kati ya watu wa aina tatu. Wa kwanza ni Mchina aliyeko China, anayefundisha kwa njia ya mtandao na ambaye pengine hajawahi kufika Afrika. Wa pili ni Mchina anayeishi hapa hapa, aliyekuja kwa biashara, kwa kazi ya ujenzi au kumfuata mwenzi wake, na anayefundisha jioni. Wa tatu ni Mtanzania au Mkenya aliyesoma chuo Beijing, Wuhan au Guangzhou kwa ufadhili, akarudi na cheti cha HSK, yaani mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, na kuanza kutoa tuisheni. Wote watatu wanaweza kuwa walimu wazuri, na wote watatu wanaweza kukupotezea fedha, kwa hiyo kuuliza nani bora kwa jumla hakusaidii. Linalosaidia ni kuuliza nani atakusikia ukikosea, akakusimamisha papo hapo, na akaweza kukueleza kosa lako kwa namna utakayoielewa.

Nakitanguliza kipimo hicho kwa sababu mengine yote yanapatikana kwa urahisi bila mwalimu. Msamiati umejaa kwenye programu za simu, nyingi zikiwa za bure. Mpangilio wa mistari ya kila hanzi, yaani alama ya maandishi ya Kichina, huonyeshwa kwa picha zinazojichora zenyewe. Na sarufi ya hatua za mwanzo ni fupi, kwa sababu kitenzi cha Kichina hakinyambuliwi wala hakibebi nafsi na wakati kama chetu. Anayemlipa mwalimu ili amsomee orodha ya maneno ananunua kitu ambacho tayari anacho mfukoni.

Matamshi: mahali pesa ya mwalimu inapoonekana

Kichina sanifu, ambacho Wachina wenyewe hukiita Putonghua, kina toni nne, yaani namna nne za sauti kupanda, kushuka au kubaki palepale ndani ya silabi, pamoja na silabi nyepesi isiyobeba toni. Walimu wengi huanza na mfano uleule wa silabi «ma», lakini kwa mfanyabiashara wa Kariakoo upo mfano wenye uzito zaidi: «mǎi» ni kununua na «mài» ni kuuza, na tofauti iko kwenye toni peke yake. Neno la silabi mbili, ambalo ndilo umbo la kawaida la maneno ya Kichina, linaweza kuwa na mojawapo ya michanganyiko 20 ya toni, na kila mchanganyiko hauna budi kuzoewa na ulimi na sikio kwa pamoja. Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili anapopata shida ya pekee, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huhamia kwenye Kichina bila mwenyewe kutambua: silabi ya kabla ya mwisho hurefuka na kupanda, na toni iliyopaswa kuwa chini hupotea.

Mwalimu aliyeko China atalisikia kosa hilo mara moja, lakini mara nyingi hatajua limetoka wapi. Atarudia neno, nawe utarudia kosa, mpaka mmoja wenu achoke. Mwenzetu aliyesoma huko anajua limetoka wapi kwa kuwa yeye mwenyewe alipitia njia hiyo. Anaweza kukuambia uache kuvuta silabi ya kabla ya mwisho, na ikiwa lugha yako ya kwanza ni Kikuyu, Kichaga, Luganda au Kinyarwanda, anaweza kukukumbusha kwamba lugha hizo zina toni na kwamba sikio lako limeshafanya kazi hii tangu utotoni. Mwanafunzi aliyekulia Kiswahili kitupu cha mjini hana akiba hiyo, naye anahitaji saa nyingi zaidi za kusikiliza kabla ya kulaumiwa kwa kutosema vizuri.

Jambo jingine ni mpumuo. Maandishi ya pinyin, yanayoandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi na yaliyoidhinishwa nchini China mwaka 1958, yanatumia «b» na «p», «d» na «t», «g» na «k», na msomaji wa Kiswahili huzitamka kama alivyozoea. Katika Kichina tofauti ya jozi hizo ni pumzi: «b» ya pinyin ni karibu na p isiyotoa pumzi, na «p» ni ileile ikitolewa kwa pumzi nyingi. Msemaji wa Mombasa au Lamu anayetofautisha kwa mdomo paa la nyumba na paa wa porini tayari analo jambo hili kinywani mwake. Sijapata kumsikia mwalimu wa Kichina kutoka China akilitumia, na si kosa lake, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Hata hivyo, mwenzetu ana udhaifu ambao haufichiki mbele ya Mchina. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani huweza kubeba makosa yake mwenyewe kwa miaka, na makosa hayo hayamzuii kueleweka, kufaulu mtihani wala kufanya kazi ya ukalimani. Lakini akikufundisha, anakurithisha. Toni ya tatu ndiyo mtego mkubwa. Vitabu huichora ikishuka na kupanda tena, ilhali katika usemaji wa kawaida, inapofuatwa na toni nyingine, hubaki chini bila kupanda, na toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa toni ya pili, ile inayopanda, kama inavyotokea katika salamu ya «nǐ hǎo». Mwalimu anayeitamka kila toni ya tatu kwa mzunguko wake wote wa kitabuni anasikika kama mtu anayesoma orodha, na wanafunzi wake watasikika hivyohivyo. Kwa hiyo, anayemchagua mwenzetu atafute namna ya kusikiwa na Mchina walau mara moja au mbili kwa mwezi, hata kama ni kwa nusu saa ya mtandaoni.

Kwa upande wa Wachina, neno «mzawa» katika matangazo lisimdanganye mtu. China ni nchi ya lugha na lahaja nyingi; mtu wa Guangzhou anaweza kuwa amekulia Kikantoni nyumbani na kujifunza Putonghua shuleni, wasemaji wengi wa kusini huchanganya «zh» na «z» au «sh» na «s», na katika sehemu za mikoa kama Hunan na Sichuan «n» na «l» hubadilishana. Hakuna aibu katika hayo, lakini mwanafunzi wa mwanzo anahitaji kielelezo kilicho wazi. China ina mtihani rasmi wa Putonghua kwa raia wake, wenye madaraja matatu, kila daraja likiwa na ngazi mbili, na walimu wa lugha kwa kawaida hutakiwa kufikia ngazi ya juu ya daraja la pili. Mwalimu wa mtandaoni aliyesomea ualimu atakionyesha cheti hicho bila kusitasita. Mchina mkaazi, ambaye huenda ni mhandisi au mwenye duka, mara nyingi hana, na hapo itabidi umsikilize kwa makini zaidi. Anayetoka Taiwan anaweza kuwa mwalimu hodari sana, ila atakuwa amezoea hanzi za kale zenye mistari mingi, wakati anayejiandaa kwenda China bara anahitaji zilizorahisishwa.

Saa, mtandao na vibali

Mwalimu aliyeko China ana tatizo la saa ambalo watu hulisahau mpaka siku ya somo la kwanza. China nzima hutumia saa moja, iliyotangulia ya Afrika Mashariki kwa saa 5, kwa hiyo saa mbili usiku ya Dar es Salaam, wakati ambao wengi wetu tumeshakula na tuna nafasi, ni saa saba usiku ya Beijing. Nyakati zinazowezekana ni alfajiri yetu, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kule ni saa tano asubuhi, au alasiri kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Kwa aliyeko Kigali au Bujumbura tofauti ni saa 6. Tena WhatsApp na huduma za Google zimefungwa China bara, hivyo somo litafanyika kwenye WeChat au programu nyingine inayofanya kazi kule, na kufungua akaunti mpya ya WeChat mara nyingi huhitaji mtumiaji mwingine akuthibitishe. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo yanayowafanya watu waache somo katika mwezi wa pili.

Mchina mkaazi hana tatizo hilo. Anakuja au unamfuata, anauona mdomo wako, anashika kalamu pamoja nawe, na mwishoni mwa juma mnaweza kwenda kwenye mgahawa ukaagiza chakula kwa Kichina. Ugumu wake ni mwingine: kibali cha kazi cha mgeni hutolewa kwa kazi maalumu, na mtu aliyeajiriwa na kampuni ya ujenzi si lazima awe na ruhusa ya kufundisha kwa malipo, tena mkataba wake ukiisha anaondoka, na mwanafunzi anabaki katikati ya kitabu. Mzazi anayemtafutia mtoto mwalimu wa miaka kadhaa alitazame jambo hili kabla ya ukarimu na tabasamu.

Utamaduni: nani anaona kile usichokijua

Wengi hudhani kwamba katika utamaduni Mchina ana ushindi wa wazi, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Yeye ndiye atakayekwambia kwamba mgeni wa heshima huketi akiutazama mlango, kwamba unapogonganisha glasi na aliyekuzidi umri au cheo unaishusha yako kidogo, kwamba saa ya ukutani haifai kuwa zawadi kwa sababu kauli ya kumpa mtu saa inasikika sawa na ya kumzika, na kwamba bahasha nyekundu ya zawadi ya fedha ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, haiwekwi kiasi chenye 4, kwa kuwa namba hiyo inasikika karibu na neno la kifo. Atakufundisha pia kwamba jina la ukoo hutangulia, na kwamba mtu huitwa kwa ukoo na cheo: meneja wa ukoo wa Wang ni «Wang jīnglǐ», na mwalimu ni «lǎoshī», kama nasi tunavyomwita mwalimu kwa cheo chake na kuona vibaya kumtaja kwa jina tupu.

Lakini utamaduni una upande ambao mwenyeji hauoni, kwa kuwa haujui unatofautiana na nini. Chukua salamu. Sisi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi kabla ya kufikia jambo lenyewe, na mdogo huanza kwa shikamoo. Kichina cha kila siku hakina mlolongo huo. Kumwita mtu kwa cheo chake kwa sauti ya uchangamfu ni salamu tosha, na wazee bado huulizana kama wameshakula. Mtanzania asiyeelezwa hili huondoka Guangzhou akiamini kwamba Wachina ni wakavu, na Mchina aliyeulizwa habari za familia nzima na mtu asiyemjua huanza kujiuliza anatakiwa nini. Mwalimu aliyeko China hatakuonya, kwa sababu hajui kwamba unakuja na matarajio hayo. Mwenzetu atakuonya katika somo la kwanza.

Vivyo hivyo kwa Mwislamu wa Unguja au Mombasa. Atahitaji mapema kulitambua neno «qīngzhēn» kwenye vibao vya migahawa, kwa kuwa ndilo linaloashiria chakula halali, na atahitaji namna ya adabu ya kukataa pombe kwenye meza ya biashara ambako kila mmoja anasimama na kuinua glasi. Ipo kauli ya Kichina kwa hali hiyo hasa, «yǐ chá dài jiǔ», yaani kushika chai badala ya pombe, na aliyeisema kwa toni sahihi hupokewa kwa heshima. Mwanafunzi aliyeishi huko akiwa Mwislamu analijua hili kwa haja. Mwalimu wa mtandaoni atalifundisha ukimwuliza, na ni vigumu kuuliza jambo ambalo hujui kwamba lipo.

Kuna pia utamaduni wa kalenda, ambao katika biashara ni fedha taslimu. Sikukuu ya Majira ya Kuchipua huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda hufungwa kwa muda unaoweza kuzidi sana siku rasmi za mapumziko, kwa sababu wafanyakazi husafiri hadi mikoa yao. Juma la kwanza la Oktoba nalo ni mapumziko ya taifa. Mwalimu anayemfundisha mwagizaji wa bidhaa bila kumpa kalenda hii, hata kama anajua mashairi yote ya enzi ya Tang, amemfundisha nusu.

Hanzi: kujifunza au kuacha

Hapa walimu hutofautiana sana, na mwanafunzi anapaswa kujua anachokihitaji kabla ya kukubali mpango wa mwalimu. Mwenzetu anayefundisha wafanyabiashara mara nyingi huahidi Kichina cha kuongea peke yake, bila hanzi, na ahadi hiyo huvutia. Kwa miezi ya mwanzo naikubali. Baadaye inagharimu. Katika mikataba ya ununuzi kuna aina mbili za malipo ya awali ambazo zote hutamkwa «dìngjīn»: moja, 定金, ni dhamana inayotambuliwa na sheria, ambayo muuzaji akivunja mkataba huirudisha mara mbili na mnunuzi akivunja huipoteza, nyingine, 订金, ni malipo ya awali tu yasiyobeba adhabu hiyo. Sikio haliwezi kuzitofautisha hata likiwa la Mchina. Jicho ndilo linaloweza. Kwa hiyo mfanyabiashara hahitaji kuandika hanzi kwa mkono, lakini anahitaji kuzisoma za eneo lake la kazi, na mwalimu anayekataa kabisa kuzigusa asiongezewe mkataba baada ya miezi ya mwanzo.

Kwa anayetafuta ufadhili hakuna mjadala. HSK katika mfumo wake wa madaraja sita huweka pinyin juu ya hanzi katika daraja la 1 na la 2 peke yake. Kuanzia la 3 unasoma hanzi tupu. Shahada zinazofundishwa kwa Kichina mara nyingi hudai daraja la 4, ambalo katika orodha za mfumo huo ni maneno 1,200, ingawa viwango vipya vya ngazi tisa vilitangazwa mwaka 2021 na mwombaji anapaswa kuangalia tangazo la chuo chake. Katika kazi hii mwalimu aliyesomea kufundisha wageni, aliyeko China au kwenye darasa la chuo, ni bora kuliko wengine wote wawili.

Darasa la Taasisi ya Confucius, yaani taasisi ya kufundisha Kichina iliyo ndani ya chuo kikuu, halikuwa sehemu ya ulinganisho huu, ila haliwezi kupitwa kimya. La Chuo Kikuu cha Nairobi lilifunguliwa mwaka 2005, likiwa la kwanza barani Afrika, na Tanzania ina taasisi kama hizo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2013. Faida yake ni mtaala, wenzako wa kusoma nao na ukaribu na mtihani. Hasara yake ni kwamba katika darasa lililojaa mwalimu hawezi kumsimamisha kila anayekosea toni, na kwa kipimo nilichokiweka, hilo ndilo jambo kubwa. Darasa pamoja na nusu saa ya mwalimu binafsi kwa wiki ni mpango ninaoupendelea kwa mwanafunzi wa chuo.

Nani amchague nani

Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Yiwu aanze na mwenzetu. Atafundishwa namba, vipimo, bei, kiasi cha chini cha kuagiza na namna ya kulalamika kwa adabu, na ataelezwa kwa Kiswahili. Kisha, baada ya miezi kama mitatu, aongeze Mchina wa mtandaoni ili sikio lake lizoee kasi halisi. Mwongoza watalii wa Arusha au Unguja afanye kinyume. Yeye hachagui lafudhi ya wageni wake, ambao hutoka kila mkoa, kwa hiyo anufaike na Wachina wawili au watatu tofauti, mmoja wa kaskazini na mwingine wa kusini, mapema iwezekanavyo. Mtoto mdogo huiga sauti kuliko maelezo, hivyo Mchina mkaazi mwenye subira na watoto anamfaa, mradi kuna uhakika wa muda wa kukaa kwake. Mkalimani wa baadaye anawahitaji wote, na sioni njia ya mkato.

Wapo pia Wachina wanaojua Kiswahili vizuri, kwa kuwa Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960. Ukimpata mmoja wao aliye na muda na moyo wa kufundisha, sehemu kubwa ya ulinganisho huu haikuhusu. Ni wachache, na wengi wana kazi nyingine.

Somo la majaribio

Kabla ya kulipa, omba somo moja na ulitumie kumpima mwalimu. Soma sentensi fupi huku ukikosea toni moja kwa makusudi, kwa mfano ukisema «mài» mahali pa «mǎi». Akiipitisha na kukusifu kwamba Kichina chako ni kizuri sana, umepata adabu ya Kichina, ambayo ni ya kweli na ya ukarimu, lakini hujapata mwalimu. Akikusimamisha, sikiliza kinachofuata: anarudia tu, au anakuonyesha kwa mkono sauti inavyokwenda, anakulinganishia jozi mbili, na kukuomba useme tena ndani ya sentensi? Mwulize pia kama atakuruhusu kurekodi sauti ya somo. Kisha pendekeza nusu saa mara tatu kwa wiki badala ya saa moja na nusu kwa mkupuo, kwa sababu sikio huchoka na toni husahaulika upesi, na lipa kwa mwezi, si kwa kifurushi cha mwaka mzima, hata ukipewa punguzo. Mwalimu anayejua kazi yake hatakuwa na sababu ya kukataa.